Solon si saluni, wala si Sulemani kwa ufupi

Kundi letu la WhatsApp la mtaani, huku Kigamboni, lina kazi tatu: kutangaza kwamba maji yamekatika, kuulizana foleni ya pantoni ikoje, na kubishana. Wiki iliyopita ubishi ulitoka baharini. Jirani yetu mmoja ni baharia, yuko melini na Wafilipino, na mwenzake wa zamu alimrushia picha ya ukurasa wa gazeti la kwao lenye habari inayohusu maslahi ya mabaharia. Naye, kwa kuwa melini ukishatoka zamu huna pa kwenda, akaturushia sisi. Kichwa cha habari kilikuwa na maneno manne tu. La kwanza lilikuwa "Solons".

Hapo mtaa ukachafuka. Kijana wa duka la dawa akasema hao ni wenye saluni. Akaiambia simu itafsiri, na simu ikamuunga mkono: saluni zinataka uchunguzi. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari, akakataa. Alisema hilo ni jina la Solomoni lililofupishwa, maana yake watu wenye hekima kama za Mfalme Sulemani. Mwingine akaja na yake, kwamba ni herufi za mwanzo za jina la chama cha mabaharia. Dada mwenye saluni karibu na feri akauliza kama yeye anachunguza au anachunguzwa, ili ajue mapema. Ndipo nikatajwa: "Kaka mwandishi, hebu tutoe tongotongo."

Jibu fupi ni hili. Katika Kiingereza cha magazeti, solon ni mtu anayekaa kwenye chombo cha kutunga sheria: mbunge, seneta, au mjumbe wa bunge la jimbo kwa nchi zenye majimbo. Wakiwa wengi wanaitwa solons. Mkazo uko mwanzoni, SO-lon. Kwa hiyo kichwa kile, kwa Kiswahili cha meza za magazeti pale Posta, kilisema: wabunge wataka uchunguzi.

Nilidhani yameisha. Lakini mzee akarudi na swali ambalo halijibiwi kwa mstari mmoja: kama ni mbunge, kwa nini wasiseme mbunge?

Kabla sijajibu, nikiri kwamba neno hili liliwahi kuniumbua. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye chumba cha habari ambacho sitakitaja, kazi yangu ya usiku ilikuwa kutafsiri habari za nje. Nikakutana na solon, yumo kichwani mwa habari, herufi ya kwanza kubwa, anapinga kodi. Nikaandika "Bwana Solon apinga kodi". Aya ya nne wakawa solons, wawili. Nikajiambia hii ni familia ya siasa, hata kwetu zipo, nikaandika "Bwana Solon na ndugu yake". Mhariri wa zamu alisoma, akanyamaza, akavua miwani. Akaniuliza: "Huyu Solon ni mtoto wa nani?" Habari haikuchapwa, namshukuru Mungu. Nimelikumbuka swali lake kila nilipoliona neno hili tangu siku ile, na baadaye niligundua kwamba ndilo lilikuwa swali lenyewe hasa. Maana Solon alikuwa kweli mtu, mwenye baba na ukoo. Kosa langu lilikuwa kuchelewa miaka elfu mbili na mia kadhaa.

Jina la mtu kugeuka neno la kawaida si jambo geni kwetu. Ukimwita mtu firauni huna maana kwamba amewahi kutawala Misri. Unasema ni mwovu, na hakuna anayekuuliza Firauni yupi. Ukisema jirani yako ni Abunuwasi, watu wanaelewa kwamba ni mjanja wa kukuuzia nyumba na kubaki na msumari wake ukutani, ingawa Abu Nuwas alikuwa mshairi halisi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Fundi cherehani wa Kariakoo ukimwambia unataka kaunda suti, hakuulizi habari za Zambia. Anachukua futi kamba. Waingereza nao wana hizo tele. Neno lao la kususia, boycott, ni jina la Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ambaye wapangaji wake huko Ireland waligoma kumtumikia mwaka 1880.

Basi solon ni mtu wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba Boycott alipewa neno kwa sababu alichukiwa, Solon kwa sababu aliheshimiwa. Na ukiijua habari yake ndipo utaona kwa nini neno hili, likiwekwa juu ya kichwa cha mbunge wa leo, mara nyingine linasikika kama sifa na mara nyingine kama kijembe.

Solon aliishi Athens, Ugiriki, na mwaka unaotajwa kwa kawaida kwa kazi yake kubwa ni 594 KK, alipochaguliwa arkoni, yaani mkuu wa dola kwa mwaka mmoja. Mji ulikuwa karibu kupasuka. Ardhi ilishikwa na wachache, na wakulima wadogo walikuwa wamezama kwenye madeni. Anayewajua jirani zake waliokopa kausha damu ataelewa upesi hali ilivyokuwa, kisha aongeze chumvi. Huku kwetu ukishindwa marejesho wanakuja kubeba televisheni na makochi mbele ya wapangaji wenzako. Athens ya wakati ule rehani ilikuwa mwili wako. Ukishindwa, unakuwa mtumwa wewe na watoto wako, na anayekudai ana ruhusa ya kukuuza nje ya nchi.

Matajiri walimwamini kwa sababu alikuwa wa ukoo mzuri, na maskini walimwamini kwa sababu aliwahi kusema hadharani kwamba tatizo ni uroho wa matajiri. Kila upande ukadhani ni wake. Akapewa mamlaka ya kusuluhisha na kuandika sheria upya.

Alifuta madeni yaliyowafunga watu, akapiga marufuku kukopesha kwa rehani ya mwili wa mtu, akawakomboa waliokuwa watumwa kwa madeni. Wagiriki waliliita tendo hilo kwa jina linalomaanisha kukung'uta mzigo. Solon alikuwa pia mshairi, na beti zake kadhaa bado zipo. Katika mojawapo anajivuna kwamba aling'oa mawe yaliyosimikwa kwenye mashamba kuonyesha kwamba yamefungwa na deni. Fikiria bikoni, lakini zinazosema si shamba lako tena. Anasema pia aliwarudisha nyumbani watu waliouzwa mbali, wengine wakiwa wamekaa ugenini hadi wamesahau lugha ya kwao. Sehemu hiyo huwa inanishika, mtu anarudishwa kwao na hawezi hata kuamkia.

Kuna habari yenye harufu ya mjini kabisa. Plutarch, mwandishi aliyekuja karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba Solon aliwadokeza rafiki zake wachache kwamba ana mpango wa kufuta madeni ila ardhi hataigusa. Wale jamaa wakakimbia wakakopa mafedha, wakanunua mashamba, na sheria ilipotoka wakabaki na mashamba bila deni. Dar es Salaam tunawajua watu wanaosikia barabara itapita wapi kabla ya mchoro kutoka. Lawama zilimwangukia Solon, na kilichomwokoa, kwa mujibu wa Plutarch, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anadai watu fedha nyingi na alikuwa wa kwanza kuzisamehe. Watu hawakuwasahau wale rafiki. Waliwapachika jina la wakata madeni.

Hakumfurahisha mtu. Matajiri walipoteza madeni yao, maskini walitaka ardhi igawanywe upya na hawakupata. Aliandika kwamba ilimbidi ageuke huku na huku kama mbwamwitu aliyezingirwa na mbwa. Alipoulizwa kama amewapa watu wake sheria bora kuliko zote, inasimuliwa kwamba alijibu: bora kati ya zile ambazo wangezikubali.

Mengine aliyofanya niyapitie haraka. Aliwapanga raia katika ngazi nne kwa kipimo cha mavuno badala ya ukoo, hivyo mtu akifanikiwa shambani aliweza kupanda cheo, jambo ambalo kwa damu peke yake lisingewezekana. Aliruhusu raia yeyote kumshtaki aliyemdhulumu mwingine, hata kama aliyedhulumiwa si ndugu yake. Alizuia mazao ya shamba kuuzwa nje isipokuwa mafuta ya zeituni. Na aliweka sheria moja ambayo ningependa kuiona ikijadiliwa kwenye vikao vya ukoo: baba asiyemfundisha mwanawe kazi hana haki ya kudai atunzwe na mwana huyo uzeeni.

Kabla yake kulikuwa na Draco, aliyeandika sheria za Athens karibu mwaka 621 KK. Adhabu zake zilikuwa kali mno, hata wizi mdogo uliweza kukugharimu maisha, na mpaka leo Kiingereza kinaiita sheria ya kikatili kwa jina lake. Solon alizifuta zote isipokuwa zile za mauaji, na zake zikaandikwa kwenye mbao zilizofungwa kwenye fremu, mtu akiweza kuzizungusha na kusoma. Kwa hiyo hata huko maneno mawili yalizaliwa mji mmoja, kwa tofauti ya kama miaka thelathini, moja la kutisha na moja la kusifu.

Halafu akaondoka. Hili ndilo watu wengi hawalijui. Alipomaliza aliwaapisha Waathens wazifuate sheria zake, kisha akasafiri kwa miaka kumi, Misri na Kipro na kwingineko, ili asiwepo wa kumbembeleza abadilishe kifungu. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema hivyo waziwazi, na anaongeza hadithi tamu ya Solon kukutana na mfalme tajiri Croesus, ingawa wanahistoria wanaitilia shaka kwa kuwa miaka ya hao wawili haipatani vizuri. Aliporudi mambo yalikuwa yameanza kuharibika tena, na akiwa mzee alimshuhudia jamaa yake Peisistratos akiuteka mji na kutawala peke yake.

Turudi kwenye neno. Kwa karne nyingi watoto wa wakubwa Uingereza walisomeshwa Kigiriki na Kilatini, na jina la Solon likawa kwao kama hekima za Lukmani kwetu. Tangu karne ya 17 wameandika solon wakimaanisha mtunga sheria mwenye busara. Marekani walirithi tabia hiyo na kuipenda zaidi, maana taifa lenyewe lilijengwa na watu waliojiona wanafufua Ugiriki na Roma. Ukiingia kwenye ukumbi wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington utaona juu ya milango ya roshani sura 23 za marumaru za watunga sheria wa historia, zilizowekwa ukumbi ulipokarabatiwa mwaka 1949 na 1950. Musa yumo, Hammurabi yumo, Solon yumo. Na mzee wetu wa bandarini apate faraja kidogo: yumo Suleiman pia, ila ni yule sultani wa Waturuki, siye mwana wa Daudi. Solon na Sulemani hawana undugu. Sulemani ni jina la Kiebrania lenye mzizi mmoja na salama yetu, Solon ni la Kigiriki. Kufanana kwao kwa sauti, na kwa sifa ya hekima, ni bahati tu, lakini naelewa kwa nini inamdanganya hata mtu makini.

Lakini heshima peke yake isingelifikisha neno hili kwenye gazeti la kila siku. Kilicholifikisha ni upana wa safu.

Yeyote aliyewahi kukaa meza ya uhariri anajua mateso ya kichwa cha habari. Una safu moja nyembamba, herufi zinatakiwa ziwe kubwa, na habari inamhusu mtu ambaye cheo chake kwa Kiingereza cha Marekani kina herufi kumi na moja, au kumi na nne ukimwita mwakilishi kwa urefu wake. Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi hukuweza kuzibana kama tunavyobana kwenye kompyuta. Ikizidi, imezidi. Solon ana herufi tano. Tena ana faida nyingine: Marekani wana maseneta 100 na wawakilishi 435 kule Washington, na majimbo 50 kila moja na bunge lake, karibu yote yenye mabaraza mawili. Habari ikiwa na seneta mmoja na wawakilishi wawili utawaitaje kwa pamoja kwenye nafasi ya kidole? Solons. Wahariri walilidaka kama mtu anavyodaka kiti cha daladala.

Hapo ndipo unapata jibu la swali ambalo kijana wa duka la dawa alinirushia baadaye, kwamba yeye amesoma Kiingereza tangu darasa la tatu na hajawahi kuliona. Hakuliona kwa sababu Kiingereza chetu kilitoka Uingereza, na Uingereza mbunge ana herufi mbili tu, MP. Nani aache herufi mbili akachukue tano? London, Nairobi na Dar es Salaam neno hilo halikuwa na kazi, hivyo halikuja. Wafilipino walitawaliwa na Marekani kuanzia mwaka 1898 hadi 1946, wakajifunza Kiingereza na uandishi wa magazeti kutoka huko, na wana baraza la maseneta na baraza la wawakilishi kama walimu wao. Wakalichukua neno, na wamelitunza vizuri kuliko mwenyewe. Marekani ya leo ukilikuta solon kwenye gazeti linanuka ukale kidogo. Kule Manila, mji mkuu wa Ufilipino, ni neno la kila siku, halimshtui mtu.

Tusiwacheke. Sisi tunao msamiati wetu wa vichwa vya habari ambao hakuna anayeutumia akiagiza chai. Kigogo, kwa mfano. Kwa asili ni kipande cha gogo, lakini gazetini ni mkubwa wa serikali, wa chama, wa benki, wa klabu ya mpira, yeyote mwenye nafasi ambaye mhariri hana nafasi ya kuandika cheo chake, au hathubutu. Vigogo wabanwa. Wabunge wacharuka. Asimame mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni pale kwenye meza ya magazeti Mnazi Mmoja, asome "Waziri abanwa bungeni", na kwa jinsi alivyofundishwa neno kubanwa atadhani waziri anatafuta msalani. Kosa lake lina hadhi ileile na langu la Bwana Solon.

Ndiyo maana tafsiri ya simu iliteleza. Mashine ilisoma neno ambalo hulikuta mara chache, ikachukua lililo jirani kwa tahajia. Na shida haiko kwenye solon peke yake, maana magazeti ya Kifilipino hulizungushia vitenzi vya safu nyembamba pia. Nitunge mfano mwenyewe: "Solon eyes new tax". Kwa kutafsiri neno kwa neno utapata macho ya saluni na kodi mpya, sentensi ya mtu mwenye homa. Lakini eye hapo ni kukusudia, kutazamia kufanya jambo. Mbunge akusudia kodi mpya. Ukikuta hit, hakuna aliyepigwa, mtu amelaumiwa. Bare si kuvua nguo, ni kufichua.

Sasa kuhusu heshima na kijembe. Kwa kuwa Solon mwenyewe alikuwa mwenye hekima, kuna wanaodhani kila anayeitwa solon anasifiwa. Kuna wanaodhani ni cheo, kwamba mbunge akikaa vipindi vingi anapanda kuwa solon. Si kweli yote mawili. Kwenye kichwa cha habari ni lebo tu, kama namba ya kiti. Mbunge aliyelala kikaoni ni solon, aliyetoa hoja ya kutikisa nchi ni solon, na anayekamatwa kwa hongo ni solon mpaka atakapopoteza kiti. Lakini kwenye makala ndefu, pale ambapo nafasi ipo na mwandishi angeweza kuandika mbunge bila kubanwa, ukiona kachagua solon shituka. Mara nyingi anacheka. Anawapa jina la mzee wa busara watu ambao aya mbili mbele atakuonyesha walichokifanya.

Kiswahili kina neno la namna hiyo na tunalitumia kila siku bila kuliangalia: mheshimiwa. Ndani yake kuna heshima, lakini hupewi kwa kuheshimika, unapewa kwa kuapishwa. Msikilize konda wa daladala ya Mbagala akisema "waheshimiwa wetu" redio inapotangaza habari za Dodoma, kisha msikilize karani wa Bunge akisema neno lilelile ukumbini. Herufi hazijabadilika. Kilichobadilika ni sauti, na gazeti halina sauti. Ndiyo maana kwenye maandishi lazima utazame kilichozunguka neno.

Tofauti yao ni moja. Mheshimiwa unaweza kumwita mtu usoni, na ni adabu. Solon huwezi. Haliandikwi kwenye barua, halitumiki kwenye utambulisho, na ukimsimamisha seneta wa Marekani ukamwamkia "Solon" atadhani umemfananisha na mtu mwingine. Ni neno la kumtaja mtu akiwa hayupo.

Na kwa kazi yenyewe, ulinganisho unamwonea mbunge wa leo. Solon aliachiwa mji mzima aandike. Mbunge wetu hukuta muswada umeshaandikwa, kwa kawaida na wanasheria wa Serikali, yeye anaujadili, anapendekeza mabadiliko, anapiga kura, na bado hauwi sheria mpaka Rais auridhie. Katiba yetu inasema wazi kwamba Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Nilipenda sana, hata hivyo, kitu kimoja kilichotusogeza karibu na zile mbao za Athens: mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka mingi, kwenye ukumbi wa Karimjee na baadaye Dodoma, wabunge walijadili kwa Kiswahili kisha kitabu cha sheria kwa kawaida kikatoka kwa Kiingereza. Mbao zilikuwepo, ila zilizungushwa zikaelekea ukutani.

Ukilikuta kazini, mtafsiri mwenzangu, usiliache lilivyo na usiandike mtunga sheria mwenye hekima. Shuka aya ya kwanza au ya pili, pale mwandishi anapopata nafasi ya kupumua, utakuta cheo kamili: seneta, au mwakilishi wa wilaya fulani. Andika hicho. Ikiwa wamechanganyika, wabunge inatosha, au wabunge na maseneta kwa nchi kama Kenya, ambako Seneti ipo na msomaji anajua tofauti. Kwa Zanzibar tungesema wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Diwani wa kata hapana, ana sheria ndogo zake, tusimpe mzigo wa Wagiriki. Na kama s ni kubwa katikati ya sentensi na mbele yake kuna jina, basi huyo ni mtu kweli, maana wapo watu wanaoitwa Solon. Mwite Bwana bila wasiwasi. Ndugu yake usimtaje mpaka uthibitishe.

Haya yote niliyaeleza kwenye kundi kwa sauti ya dakika sita, ambayo najua waliisikiliza kwa mwendo wa haraka. Baharia alijibu kesho yake, mtandao uliporudi. Mwenzake Mfilipino alithibitisha: seneta mmoja na wawakilishi wawili. Mzee wa bandari anasema bado hajaridhika kuhusu Sulemani. Na dada wa pale feri, ambaye siku nzima hakusema neno, ameanza kuitwa Mheshimiwa na wateja wake, anaitika, na amemwomba fundi wa mabango ampe bei ya kubadilisha herufi mbili kwenye kibao.